Kifusi cha Mshikamano

Haya hayakutokea zamani wala kale. Yametokea juzi tu, katika nchi ambayo hatutaitaja jina, kwanza kwa adabu, na pili kwa sababu kibao chenye jina lake kilianguka pale mpakani siku ya tetemeko, na kamati ya kukitafuta bado haijakutana.

Tetemeko lenyewe lilipita Jumanne, saa nne na dakika kumi na tatu asubuhi. Redio ya Taifa ilichelewa kulitangaza, maana mkubwa wa kutoa ruhusa ya kutangaza alikuwa chini ya meza na hakutaka kutoka. Alipotoka, taarifa ilisomwa kwa sauti nzito: kwamba kumetokea mtikisiko mdogo wa kawaida, kwamba mtikisiko huo haukuwa na kibali, na kwamba serikali imeudhibiti ndani ya sekunde arobaini. Wananchi waliombwa waendelee na shughuli zao, wenye nyumba ndani, wasio na nyumba tena nje.

Katika mji mdogo wa Mbavuni hakufa hata mtu mmoja, ingawa jengo kubwa kuliko yote, Ukumbi wa Mshikamano wenye ofisi za watumishi, liliporomoka lote. Saa nne ni saa ya chai, na katika nchi ile ikifika saa nne humpati mtumishi wa umma ofisini hata umtafute kwa tochi. Basi ukumbi ulianguka peke yake, mtupu, watumishi wote mia na ushei wakiwa kwa mama ntilie wanatafuna maandazi. Baadaye viongozi waliisifu sana busara yao, na muda wa chai ukaongezwa ukawa saa mbili.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa umejengwa juu kidogo ya nyumba ya Bi Sikitu, kwenye mteremko, mahali ambapo hata mbuzi hutazama mara mbili kabla ya kulala. Ulipoanguka haukubaki kwao. Uliteremka wote na kujimwaga uani kwake.

Bi Sikitu alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mwembamba, mwenye goti moja bovu na ulimi mzima kabisa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefagia bohari kuu ya wilaya, ile stoo ya serikali yenye mabati mekundu, na alikuwa na cheti chenye fremu kinachosema hivyo. Siku ya tetemeko alikuwa sokoni akibishana na muuza dagaa. Aliporudi alikuta jiko lake limelala kifudifudi, ukuta wa chumba cha kulala haupo, na uani pamesimama kilima kipya cha zege, matofali na viti vya plastiki. Jiko halikumliza. Kitanda hakikumliza. Alikizunguka kilima kile mara mbili akitafuta kisima chake, na alipojua kwamba kiko chini, alikaa kwenye vumbi akalia kama mtu aliyefiwa.

Kisima kile alikichimba baba mkwe wake, na hakikuwahi kukauka hata mwaka wa njaa. Nyumba arobaini na mbili zilichota hapo kwa sharti moja tu, kwamba mtu asinawie miguu karibu na mdomo wake. Sasa nyumba zote hizo zilikuwa zikishuka mtoni Kiduku, saa nzima kwenda na saa moja na nusu kurudi na dumu kichwani, kufuata maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya pili watoto walianza kuharisha. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Mbavuni, wala si nyingine: kilima kiondoke, kisima kionekane, kabla maji ya Kiduku hayajaondoka na mtu.

*

Mapema, siku ya tatu baada ya tetemeko, watu wa Mbavuni walikuwa wamefanya kosa kubwa la kutumia akili. Walikuja na sururu, majembe na makarai, wakaanza kukihamisha kifusi kwa msaragambo bila kumngoja mtu yeyote. Aliyewaongoza ni fundi Dastani, mwashi mfupi mwenye mabega mapana ambaye hawezi kupita karibu na ukuta bila kusema aliyeujenga alikosea wapi. Walikuwa wameshatoa karibu makarai mia mbili wakati Dastani alipoinua kipande cha nguzo ya ukumbi, akakigeuza, akachungulia ndani.

Pale ambapo nguzo za watu zina nondo, nguzo ile ilikuwa na mianzi. Akavunja ya pili, mianzi. Akavunja ya tatu, hiyo haikuwa na mianzi hata kidogo. Ilikuwa na magunzi ya mahindi.

Dastani alikuwa bado ameshika gunzi mkononi gari la Mkuu wa Wilaya lilipofika na king'ora chake. Mkuu wa Wilaya alikuwa Mheshimiwa Gaudensi Matamko, mtu mzito, mkarimu wa hotuba, ambaye katika maisha yake ya uongozi hakuwahi kujifungulia mlango wa gari. Inasemekana siku moja mfungua mlango wake aliugua tumbo, na Mheshimiwa akashinda ndani ya gari mpaka mgonjwa alipopata nafuu.

Safari hii mlango ulifunguliwa. Alishuka, akalitazama lile gunzi kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyewaruhusu kugusa kifusi cha Serikali. Dastani akasema kwa unyenyekevu kwamba walidhani ukumbi umekwisha.

"Ukuta wa Serikali ukianguka hauachi kuwa wa Serikali," alisema Mheshimiwa Matamko. "Mimi nikianguka hapa sasa hivi, nitaacha kuwa Mkuu wa Wilaya?"

Watu walilifikiria jambo hilo kwa makini, wengine kwa matumaini.

Kuhusu mianzi, Mheshimiwa alieleza kwamba ile ni nondo asilia, teknolojia ya hali ya juu ambayo mataifa mengine yanaiota tu, na magunzi ni hatua ya mbele zaidi, ndiyo maana ni siri. Kuanzia saa ile ikawa ni kosa kugusa kifusi, kukiinua au kukichungulia. Kisha akasoma waraka. Waraka ulisema kifusi cha mwananchi kiondolewe na mwananchi mwenyewe ndani ya siku kumi na nne, asipotii atashitakiwa. Kifusi cha Serikali hakitaguswa mpaka kazi ya kukiondoa izinduliwe rasmi na Waziri.

Bi Sikitu alinyoosha mkono. Alisema kifusi chake yeye, yaani jiko na ukuta, kiko chini, na cha Serikali kiko juu yake. Akauliza atakitoaje cha chini bila kugusa cha juu.

Mheshimiwa Matamko alisema anaona hakueleweka, akausoma waraka ule ule tena kwa sauti kubwa zaidi.

*

Serikali haikulala. Haukupita mwezi ikaundwa Wizara ya Vifusi, Mabaki na Matumaini, yenye idara tatu, na Idara ya Matumaini ndiyo iliyopata magari mengi. Ila katika nchi ile hakuna kinachoanza bila kuzinduliwa. Choo cha shule ya msingi Mbavuni kilizinduliwa mara nne, na viongozi wanne, kabla watoto hawajaruhusiwa kukitumia, na kufikia hapo kilikuwa kimejaa vibao vya uzinduzi. Kwa hiyo uondoaji wa kifusi ulipaswa kuzinduliwa na Waziri. Kabla ya hapo maandalizi yalipaswa kuzinduliwa na Naibu, na kabla ya hapo kamati ya maandalizi ilipaswa kuzinduliwa na Mheshimiwa Matamko, ambaye aliizindua Jumatatu, akaizindua tena Jumatano kwa sababu Jumatatu mpiga picha alichelewa.

Juu ya kilima kilijengwa kijumba kidogo cha jiwe la uzinduzi. Kwa kuwa Waziri mwenyewe angelifunua, kilijengwa kwa saruji ya kweli na nondo za kweli. Fundi Dastani alipita akakitazama, na kwa mara ya kwanza hakuona kosa.

Kisha walikuja watu wa itifaki kutoka makao makuu kupima. Walikitazama kifusi kwa huzuni. Walisema ni kifupi. Waziri hawezi kusafiri kilomita mia tatu kuja kuzindua kitu kinachomfika begani, na kwenye televisheni kingeonekana kama kichuguu. Basi kwa siku nne mfululizo malori ya Serikali yalileta kifusi kutoka miji ya jirani na kukimwaga uani kwa Bi Sikitu, mpaka kilima kikapita paa la nyumba. Malori yalikuwepo, mafuta yalikuwepo, na vibarua nao walikuwepo.

Bi Sikitu alisimama mlangoni kwake akiyatazama yakija yamejaa na kuondoka matupu. Siku ya nne alimwendea dereva mmoja, akamwomba, kama mama kwa mwanawe, hata mara moja tu aje mtupu aondoke amejaa. Dereva alimhurumia. Akasema, Mama, hilo ni fungu lingine, na watu wa fungu hilo bado hawajaajiriwa.

Baada ya hapo zikaja habari kwamba Waziri ameahirisha safari, hotuba yake haijakamilika. Waraka haukuahirishwa. Siku zake kumi na nne zilikuwa zimepita kitambo, na Bi Sikitu akaletewa barua ya onyo kwa kuchelewa kuondoa jiko lake.

*

Wiki ile mtoto wa Dastani, binti wa miaka sita aitwaye Shida, alilazwa kwa kuharisha. Bi Sikitu alikwenda kumwona zahanati, akamkuta amelala na macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta haitaki kurudi. Alitoka pale moyo ukimuuma. Hasira nayo ilimpanda, maana alijua maji ambayo yangemwosha mtoto yule tumbo yako hatua ishirini kutoka jikoni kwake, yametulia gizani, yanamngoja.

Njiani goti lilimkatalia. Akaketi kupumzika pale alipozoea kuketi miaka yote, kwenye tairi kuukuu la lori lililokuwa limetupwa nje ya geti la bohari kuu. Na akiwa amekaa hapo akakumbuka mambo aliyoyaona kwa ufagio mkononi.

Alikumbuka mablanketi ya msaada wa mafuriko. Yaliingia Jumatatu, elfu tatu, yakaandikwa kwenye leja, mlango ukatiwa kufuli tatu na walinzi wawili. Ijumaa alifagia sakafu tupu. Alikumbuka trekta jipya lililowekwa chini ya ulinzi mkali, na jinsi alivyokuja kufuta doa la oili mahali liliposimama. Alikumbuka sanamu ya shaba ya mwasisi wa taifa, ndefu kupita mlango, ambayo iliingizwa kabla ukuta wa mbele haujajengwa. Ilitoka vipi, hakuna aliyewahi kueleza, na ukuta ulikuwa mzima.

Kisha akalitazama tairi alilokalia. Hili halikuandikwa popote. Halikuwa na mlinzi wala kufuli. Miaka thelathini na mmoja lilikuwa limelala hapo hapo, kwenye jua na mvua, na hakuna mtu aliyelisogeza hata shubiri moja.

Halafu akacheka peke yake mpaka mpita njia akamwuliza kama ni mzima. Akasema ni mzima, ila ana haraka ya kumwona Mkuu wa Wilaya.

*

Mheshimiwa Matamko alimpokea kwa shingo upande, akidhani amekuja kulalamika. Bi Sikitu alipiga goti zima, akaliacha bovu, akasema amekuja kama raia mwema na mtumishi mstaafu. Ana wasiwasi juu ya mali ya Serikali iliyoko uani kwake. Anaogopa itaibiwa.

Mheshimiwa alicheka. Akauliza nani mwenye akili zake ataiba kifusi.

"Hata mimi najiuliza, Mheshimiwa," alisema Bi Sikitu. "Lakini mali yenyewe haina uzio, haina mlinzi, haimo kwenye leja. Waziri akifika akaona nguzo zenye ile siri ya taifa zimelala nje kama za yatima, atasema nini?"

Kicheko kilikatika. Mheshimiwa Matamko aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Akamwuliza mama huyu alisoma wapi. Alipojibiwa kwamba alifagia bohari, alisema ndiyo maana, uzalendo unaonekana. Jioni hiyo hiyo alitoa tamko, na keshoye tamko likawa waraka, na waraka ukazaa Bohari ya Taifa ya Vifusi, Tawi la Mbavuni.

Ukaja uzio wa waya na nguzo za chuma. Wakaja walinzi wanne na filimbi. Likaja geti lenye kibao, na nyuma ya geti kibanda, na ndani ya kibanda akaketi bwana stoo aliyehamishwa kutoka bohari kuu, Bwana Anselmi, mtu mpole mwenye miwani, ambaye Bi Sikitu alikuwa amefagia chini ya miguu yake miaka kumi na miwili. Alimwamkia kwa furaha. Matofali yote yakahesabiwa, mawe yakahesabiwa, mianzi ikahesabiwa, na jiko la Bi Sikitu likaingia leja kama "mabaki mchanganyiko, kundi C".

Mbavuni walipojua ni yeye aliyeyaomba hayo, walinuna. Mtoni wanawake walimpisha njia bila salamu. Fundi Dastani, ambaye binti yake alikuwa ametoka zahanati lakini hajapata nguvu ya kutembea, alikuja mpaka mlangoni kwake jioni moja na kukataa kiti.

"Bi Sikitu, tulikuwa na kilima," alisema. "Sasa tuna kilima chenye polisi. Umetuzika."

Maneno yalimchoma, maana Dastani alikuwa kama mdogo wake. Alitaka kumweleza, akaona jambo lenyewe likielezwa linaharibika.

"Fundi, wewe unajua kuta," akamwambia. "Mimi najua stoo. Nipe wiki tatu."

*

Wiki ya kwanza ilianza kwa viti vya plastiki. Vilitoka na hati ya kutokea getini, iliyopigwa mhuri, inayosema vinapelekwa kukaguliwa, na wakaguzi wakavikagua kwa kuvikalia katika harusi ya mpwa wa Katibu Tawala. Kisha yakatoka matofali mazima, lori saba, kwenda maabara. Maabara hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba ya Mheshimiwa Matamko, na baada ya majaribio ya siku tano yaligundulika kuwa yamekuwa banda la kuku lenye vyumba sita.

Wiki ya pili mambo yalishika kasi. Aliyesikia mwenzake amepata naye alikuja na hati yake. Zege lililopondeka lilikwenda kujaza mashimo ya barabara, ile inayoelekea shambani kwa Naibu. Mawe yalikwenda kwa mkurugenzi, mchanga ukaenda kwa daktari, mabati yakafuata ndugu zake. Kila lori lilifika tupu na kuondoka limejaa, mchana kweupe, kwa utaratibu, na walinzi wakipiga saluti. Bi Sikitu aliwachemshia chai, akiwahurumia kwa kazi nzito ya kufungua geti.

Nondo asilia zilibaki kwa siku chache, watu wakizionea haya, mpaka mke wa Afisa Kilimo akakumbuka kwamba nyanya zake zinahitaji vijiti vya kuegemea. Magunzi yaliwashia moto walinzi wenyewe.

Siku moja Bwana Anselmi alivua miwani akaifuta, akamwambia Bi Sikitu kwamba dhamiri inamsumbua. Wote wamepata isipokuwa mwenye uwanja. Akamwandikia hati ya kutoa matofali ya kundi C kwa ajili ya "hifadhi ya muda mrefu", na hivyo jiko la Bi Sikitu likatoka serikalini na kurudi kwake kwa mhuri, hatua tisa. Dastani ndiye aliyelijenga upya. Hakusema neno la kuomba radhi, ila aliujenga ukuta ule vizuri kuliko alivyowahi kujenga, akaupaka na chokaa.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu uzio ulikuwa umekwenda, geti limekwenda, na kibanda kimekwenda Bwana Anselmi akiwa amesimama nje yake. Lile jiwe la uzinduzi tu, lililokuwa limeshuka pamoja na kilima mpaka likatua uani, ndilo lililowashinda, kwa ile saruji yake. Walinzi, wakiwa hawana tena cha kulinda, walikwenda kunywa chai ya saa nne na hawakuonekana tena. Uani palikuwa peupe, pamefagiliwa. Katikati, chini ya mbao mbili zilizovunjika, ulikuwa mdomo wa kisima.

Mbavuni nzima ilitoka. Walishusha ndoo wakatoa udongo na kiatu kimoja cha mtumishi wa umma, wakayaacha maji yatulie siku tatu, wakayatoa, wakayaacha tena. Ndoo ya kwanza safi Bi Sikitu alimpa Shida anywe. Mtoto alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, akauliza kwa nini maji haya hayana rangi. Bi Sikitu aligeuka upande akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

*

Siku ya nne baada ya ndoo ile, hotuba ya Waziri ikakamilika.

Alikuja na magari kumi na tisa, bendi ya tarumbeta, utepe wa mita thelathini na mkasi uliowekwa kwenye mto wa hariri. Mheshimiwa Matamko alitangulia dakika tano ili kuhakikisha kila kitu kiko tayari. Alifunguliwa mlango, akashuka, akatazama uani. Aligeuka akatazama uani kwa jirani, labda amekosea nyumba. Jasho likamtoka hata kwenye tai.

"Bibi," alinong'ona, "kifusi kiko wapi?"

"Kipo, Mheshimiwa," alisema Bi Sikitu. "Kipo kwenye leja."

Na kweli Bwana Anselmi alikuwa na leja kwapani, na kwenye leja kilima kilikuwa kizima, tena kimeongezeka kidogo.

Uongozi ni kufikiri haraka. Waziri wa Vifusi, Mabaki na Matumaini, Mheshimiwa Kilongola, aliposhuka na tumbo lake la heshima, Matamko alimpokea kwa kutangaza kwamba wilaya yake imetekeleza agizo kabla halijatolewa. Bendi ikapiga. Waziri alifurahi, kisha akanuna, maana alikuwa na kurasa arobaini na moja, utepe na mkasi, na hakuna cha kuzindua. Macho yake yakazunguka uani kama ya mtu aliyealikwa chakula akakuta sufuria zinaoshwa. Yakatua kisimani.

Aliuliza hicho ni nini. Matamko akasema ni kisima, matokeo ya juhudi za Serikali. Uso wa Waziri ukang'aa. Akaagiza kikombe, akaagiza kamera zisogee, na wakati maji yakivutwa alianza kutamka yaliyomjia. Alisema hazina kama hii haiwezi kuachwa hivi hivi. Alisema kuanzia leo kisima hiki ni Mali ya Taifa. Kitawekewa uzio. Kitapewa walinzi wanne na bwana stoo, na maji yote yataandikwa kwenye leja, ndoo kwa ndoo.

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka banda la kuku, barabara ya Naibu na vijiti vya nyanya, na makofi yakafa. Bi Sikitu alimwona Shida amekaa mabegani kwa baba yake, na alijua kabisa, kama anavyojua ufagio wake, kwamba kisima kile kikipata mlinzi kitakauka kabla ya Ijumaa. Kikombe kilikuwa kimejaa, kinakwenda mdomoni kwa Waziri.

"Mheshimiwa, usinywe," alisema. "Hicho si kisima. Ni dampo."

Kikombe kilisimama hewani.

Bi Sikitu alisogea mbele akichechemea. Alisema Mkuu wa Wilaya kwa upole wake ametaka kumfurahisha mgeni, lakini ukweli ni kwamba lile ni shimo la taka. Mabaki ya tetemeko yametumbukizwa humo, hata viatu. Waziri akamtazama Dastani, mtu mzima aliyekuwa karibu, akamwuliza kama ni kweli. Fundi Dastani hakuwahi kusema uongo juu ya jengo lolote. Akasema ni shimo baya sana, na aliyelichimba alikosea kila kitu. Wanawake wa nyumba arobaini na mbili wakaitikia kwa kichwa, mmoja akaziba pua, na Shida, aliyekuwa amekunywa humo asubuhi ile, akatema mate chini kwa ufundi mkubwa.

Waziri alikirudisha kikombe kwa vidole viwili. Lakini utepe ulikuwepo, mkasi ulikuwepo, na kamera zilikuwa zinamngoja. Akakohoa, akatangaza kwamba basi analizindua rasmi Dampo la Kisasa la Mbavuni, na kwamba kuanzia wiki ijayo malori ya Wizara yatakusanya taka zote za wilaya na kuzileta hapa, kila Jumatatu na kila Alhamisi, bila kukosa. Utepe ukakatwa. Jiwe likafunuliwa, likaandikwa upya. Magari kumi na tisa yakaondoka na vumbi lao.

Dastani ndiye aliyesema kwa sauti iliyopungua, kwamba sasa wamekwisha, taka za wilaya nzima zinakuja. Bi Sikitu alimtazama kwa mshangao wa kweli. Akamwuliza ana miaka mingapi katika nchi hii, na ni lini amewahi kuona lori la kuzoa taka.

Watu walifikiri. Kisha kicheko kikaanzia kwa wanawake kikazunguka uani mpaka Bwana Anselmi akalazimika kuvua miwani.

Imepita miaka mitatu. Katika vitabu vya Serikali, Dampo la Kisasa la Mbavuni limejaa kwa asilimia sabini na limepewa tuzo. Uani kwa Bi Sikitu nyumba arobaini na mbili zinachota maji meupe, na kila mwenye zamu huegesha ndoo yake juu ya lile jiwe la uzinduzi, kwa kuwa ni imara. Kila Jumatatu na Alhamisi Bi Sikitu hutoka nje na kutazama barabarani, kwa kuwa ni raia mwema. Akiona hakuna lori, humwomba Mungu aipe serikali yake afya na maisha marefu, na asiibadilishe hata kidogo, walau mpaka Shida amalize shule.